Gemu Haliuzwi kwa Mita

Siku hizi likitajwa gemu lolote la studio ndogo, swali la kwanza ni hilohilo: lina saa ngapi? Mtu hajauliza linahusu nini, nani kalitengeneza, wala linakaaje mkononi. Anataka idadi ya saa, anachukua bei, anagawanya, hukumu imetoka. Dola 20 kwa saa 60, hapo kuna mali. Dola 20 kwa saa 2, huo ni wizi wa mchana kweupe. Hukumu hutolewa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya utafiti, na wanaomsikiliza wanatikisa vichwa, utadhani gemu ni kitambaa cha dukani ambacho muuzaji hupima kwa mita, na asiyepewa mita zake kamili ana haki ya kugomba.

Nasema hesabu hiyo ni mbovu. Haina kasoro ndogo ya kurekebishwa hapa na pale. Imekosea kitu chenyewe inachopima. Ubaya zaidi ni kwamba imeshawaingia hata wale wanaojiita mashabiki wa magemu ya kujitegemea. Wao wakitaka kulitetea gemu wanalolipenda, wanakimbilia kusema kwamba wamelicheza saa mia tatu.

Tuanze na hoja yao iliyo nzito, maana zile nyepesi hazina haja ya kujibiwa. Hoja nzito ni ya mfuko. Dola 20 ni karibu shilingi elfu hamsini za Kitanzania. Kwa kijana anayejilipia mwenyewe, hiyo ni pesa ya kula siku kadhaa, na ana kila sababu ya kutaka idumu. Hoja hii naiheshimu. Lakini ifuate mpaka mwisho uone inakofika. Mfuko wa kijana huyo hauliwi na bei ya gemu peke yake. Unaliwa na bando, na laptopu, na nafasi iliyobaki ndani ya laptopu. Red Dead Redemption 2, linalosifiwa kwa upana wake, linataka nafasi ya GB 150. Nunua kwanza bando la kulipakua, ndipo uniambie saa zake zimekugharimu shilingi ngapi. Papers, Please linataka MB 100 na kompyuta iliyochoka. Mtu anayebana matumizi kwa dhati angeyaweka yote hayo kwenye hesabu. Mbona hayawekwi? Kwa sababu wengi wanaotaja saa hawatafuti nafuu. Wanatafuta namba kubwa ya kujivunia.

Isitoshe, huku kwetu kipimo kingine tunacho, na tunakitumia kila jioni. Ingia kwenye banda lolote la gemu. Watu wamebanana kwenye benchi, televisheni moja, pedi mbili, na mechi ya mpira isiyofika robo saa. Unalipia mechi. Aliyefungwa anaachia pedi, anasogea pembeni kutafuta visingizio: kitufe kimekwama, kipa kalala, mwenzake kachagua timu kubwa. Huwezi kumsikia akisema mechi ilikuwa fupi kwa hiyo kaibiwa. Pesa yake imelipia ubishi, kejeli, na lile bao la dakika ya tisini litakalosimuliwa mpaka kesho. Haohao wakirudi nyumbani na kufungua duka la Steam, wanageuka makarani wa saa.

Sasa tulitazame hilo Papers, Please. Lucas Pope alilitoa mwaka 2013, akiwa ameshaacha kazi kwenye studio kubwa iliyotengeneza Uncharted. Wewe ni ofisa wa uhamiaji katika nchi ya kubuni, Arstotzka, Novemba 1982, na kazi hiyo umeipata kwa bahati nasibu. Umekaa kibandani. Foleni haina mwisho. Mtu anaingia, anaweka pasipoti kwenye meza, unaangalia tarehe, picha, jinsia, mji ilikotolewa, kisha unavuta mihuri miwili: wa kijani wa kumpitisha, mwekundu wa kumkataa. Kila unayemhudumia sawasawa anakuingizia krediti 5. Ukikosea, mashine inakohoa karatasi ya onyo. Makosa mawili ya mwanzo kwa siku unasamehewa, la tatu unakatwa. Jioni inakuja orodha ya nyumbani: kodi, chakula, kuni za joto, na dawa ikiwa mtoto au mama mkwe kaugua.

Siku moja anapita mwanamume, nyaraka zake safi. Kabla ya kuondoka anakuomba umwonee huruma mkewe, yuko nyuma yake. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa kwao atauawa. Gemu halikupigii muziki wa huzuni, wala halikuletei kisanduku cha kuuliza uwe mwema au mbaya. Una mihuri ileile miwili, na saa ya ukutani inakwenda, na jana mtoto alilala na njaa. Nilipofika hapo mara ya kwanza, kilichonitisha ni kwamba nilishaanza kuwachukia watu wa kwenye foleni. Walikuwa wananichelewesha. (Anatokea pia mzee mmoja mcheshi, Jorji, aliyekuja bila pasipoti kabisa, akarudi na aliyoichora mwenyewe kwa mkono, ya nchi isiyokuwepo. Nilimkataa huku nacheka, na kumkataa kulinipotezea sekunde za kazi.)

Gemu hilo linakwenda siku 31 za kalenda yake na lina miisho 20. Unaweza kulimaliza kwa jioni mbili. Wapo waliosema lingekuwa zuri zaidi kama lingekuwa refu zaidi, na hapo ndipo naona kipimo cha saa kinavyompofusha mtu. Urefu wa Papers, Please ni sehemu ya maana yake. Siku 31 zinatosha kumfanya mtu wa kawaida awe chombo cha serikali. Ndivyo linavyodai, na linakuthibitishia kwa vidole vyako mwenyewe. Liongeze siku mia, na badala ya hofu hiyo unapata kazi ya ofisini. Anayetaka zaidi anaomba aongezewe ganda la chungwa.

Nitatoa mfano mmoja mwingine kwa kirefu, halafu mingine nitaipita mbiombio. What Remains of Edith Finch, la studio ya Giant Sparrow, 2017, linachukua kama saa mbili. Ni nyumba moja na familia ambayo kila mtu wake alikufa kifo cha ajabu, nawe unapita chumba kwa chumba, na kila chumba kinakuchezesha kwa namna yake. Chumba cha Lewis kinakupeleka kwenye kiwanda cha samaki. Kwa mkono wa kulia unamshika samaki, unamsogeza kwenye kisu, kichwa kinakatika, unamrusha kwenye mkanda, anakuja mwingine. Wakati huohuo mkono wa kushoto unamtembeza mtu mdogo ndani ya ndoto ya Lewis ya mchana. Mwanzoni ndoto iko kwenye kona ya skrini, kijia tu ndani ya ukungu. Inakua. Inakuwa mto, mji, ufalme. Inafunika meza, inafunika kiwanda kizima, na mkono wa kulia bado unakata samaki ambao huwaoni tena. Unagundua kwamba kwa dakika kadhaa umekuwa ukifanya kazi ya kiwandani bila kuifikiria, na kwamba hivyo ndivyo Lewis alivyoishi, na ndivyo alivyopotea. Riwaya ingeweza kukueleza jambo hilo. Filamu ingeweza kukuonyesha. Hapa limefanywa na mikono yako miwili, kila mmoja katika dunia yake, na hakuna sanaa nyingine inayoweza kulifanya namna hiyo. Mwaka 2018 gemu hilo lilipewa tuzo ya BAFTA ya gemu bora la mwaka.

Dakika zile ni chache. Zikiongezwa zinaharibika. Nani atanipigia hesabu ya bei yake kwa saa?

Upande wa pili tuwatazame waliouza urefu. Januari 2022 watengenezaji wa Dying Light 2 walitangaza kwa majivuno kwamba kulimaliza gemu lao lote kabisa kungechukua saa 500. Walidhani watashangiliwa. Waliambulia kelele, na haraka wakafafanua kwamba hadithi kuu ni kama saa 20 tu. Hilo linanifurahisha mpaka leo, kwa sababu linaonyesha kwamba wachezaji wenyewe, wakiwekewa kipimo chao mezani kikiwa kimevuliwa nguo zote, wanakikimbia. Wanajua saa 480 zilizobaki ni za nini: kuokota vyuma, kupanda minara, kufuta alama kwenye ramani.

Studio ndogo nazo zimewahi kuingia mtego huo, na hakuna iliyoingia kwa kishindo kama Hello Games. No Man's Sky lilitoka Agosti 2016 likiwa na sayari 18,446,744,073,709,551,616. Si hesabu ya kubuni. Ndiyo idadi ambayo kanuni yake ya kompyuta ingeweza kuizalisha. Hakuna binadamu angeimaliza hata sehemu yake ndogo kabisa. Na malalamiko ya wiki ile ya kwanza yalikuwa nini? Kwamba hakuna cha kufanya. Studio ilitumia miaka iliyofuata kulijaza na kulirekebisha, kazi ninayoiheshimu, lakini somo la ile Agosti halijafutika: unaweza kumpa mtu ulimwengu usio na kikomo akachoka kabla ya Jumapili.

Kuna sababu ya kiuchumi pia, na hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Saa moja iliyotengenezwa kwa mikono, kama ile ya kiwanda cha samaki, inagharimu miezi ya watu. Kampuni yenye wafanyakazi elfu moja inaweza kuchapisha saa kama karatasi. Studio ya watu watatu haiwezi. Ukiilazimisha ishindane kwa saa, ina njia moja tu: kuiachia kompyuta ichanganye vyumba, maadui na karata upya kila unapokufa, ili saa zijizalishe zenyewe. Ndiyo maana ukiingia dukani unakuta msururu wa magemu ya kufa na kuanza upya, ya kukata miti na kujenga kibanda, mengine mazuri sana, mengi yakiwa nakala ya nakala. Tukishamaliza kuwasukuma huko, tunawalaumu kwamba hawana ubunifu.

Hapo wataniambia: mbona Stardew Valley? Mbona Vampire Survivors? Hayo ni ya watu wadogo, ni ya bei ndogo, na yana saa bila idadi. Haya, tuyatazame. Vampire Survivors lilipokamilika mwaka 2022 liliuzwa dola 5, na mwaka uliofuata likachukua tuzo ileile ya BAFTA. Unatembea tu, silaha zinajipiga zenyewe, sanduku likifunguka taa zinamwagika na sarafu zinalia. Mtengenezaji wake, Luca Galante, aliwahi kufanya kazi kwenye sekta ya kamari, na hajalificha hilo. Nimelicheza, nimelifurahia, na sikumbuki chochote nilichokifanya ndani yake. Silisemi kwa ubaya. Burudani ya kupitisha jioni ni kitu halali. Ila anayeliweka juu ya Papers, Please kwa sababu ya hesabu ya saa anasema kwamba mashine ya kamari ni sanaa kubwa kuliko tamthilia, maana mtu huketi mbele yake kwa muda mrefu zaidi.

Stardew Valley ni jambo jingine, na ni gemu bora kwa sababu zake. Eric Barone alilitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne: programu, michoro, muziki, maneno yote, huku akipata vijisenti vya kuonyesha watu viti ukumbini Seattle, na mwenzi wake akibeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba. Lilitoka Februari 2016 na limeuza nakala zaidi ya milioni 40. Urefu wake una maana: shamba linahitaji misimu, na urafiki na wanakijiji unahitaji kurudiarudia. Ni urefu uliotoka ndani ya wazo lenyewe. Kulichukua gemu la mtu aliyejifungia miaka minne na kulifanya rungu la kumpigia kila anayetengeneza kitu kifupi ni dhuluma, na sidhani kama Barone aliomba litumike hivyo.

Rungu jipya zaidi ni Hollow Knight: Silksong. Lilipotoka tarehe 4 Septemba 2025 maduka ya mtandaoni yalizidiwa na umati wa wanunuzi. Bei dola 20, na ndani yake saa nyingi za kazi iliyofinyangwa kwa uangalifu. Papo hapo swali likaanza kuzunguka: ikiwa Silksong ni dola 20, wewe na gemu lako la saa tatu unathubutuje kuomba 15? Jibu lake ni fupi. Team Cherry wa Adelaide, waliolitengeneza, ni kikosi cha watu wachache ambao Hollow Knight lao la kwanza liliuza nakala milioni 15. Walikuwa na uwezo wa kukaa miaka takriban saba bila mtu wa kuwahimiza, na uwezo wa kuuza kwa bei waliyoipenda. Wao walichagua ukarimu. Wengine wanauza ili walipe kodi ya mwezi ujao.

Hata maduka yamekubali lugha ya saa. Tangu Juni 2015 Steam inakurudishia pesa ikiwa umecheza chini ya saa mbili na hazijapita siku 14. Ni haki nzuri kwa mnunuzi na sitaki iondolewe. Kabla yake tulikuwa tunauziwa vitu visivyofunguka na hakuna pa kulalamika. Lakini A Short Hike la Adam Robinson-Yu, lililotoka 2019, linamalizika ndani ya muda huo. Ndege mdogo anaitwa Claire, anapanda mlima kutafuta mtandao wa simu, njiani anavua samaki na kupiga soga, na simu inayomfikia kileleni ni ya mama yake. Mtu anaweza kulimaliza, akafurahi, akarudishiwa pesa yake, na mfumo ukasema yuko sawa. Mwaka 2021 mtengenezaji wa gemu fupi la kutisha, Summer of '58, alitangaza kwamba anaacha kwa muda kazi hiyo kwa sababu ya waliolimaliza na kudai pesa zao, wengine wakiwa wameliandikia sifa. Duka likipima saa, nasi tukipima saa, huyo ndiye anayebaki katikati.

Karibu na kwetu zaidi, tazama Tales of Kenzera: ZAU, la Aprili 2024. Aliyeliongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wengi wanaijua sauti yake kama Bayek wa Assassin's Creed Origins. Lilichapishwa na Electronic Arts, kwa hiyo mkitaka kubishana kama ni la kujitegemea, bishaneni. Mimi ubishi huo hunichosha. Salim alilitengeneza baada ya kufiwa na baba yake. Kijana Zau, mganga, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo: amletee roho tatu kubwa, arudishiwe baba. Na sauti zote unaweza kuzisikia kwa Kiswahili. Nimewasikia vijana wetu wakilitoa maksi kwa sababu halizidi saa kumi. Lina makosa, na ningependa tuyaseme: mapigano yanajirudia, na baadhi ya mitego inaua bila onyo. Lakini gemu la kiwango hicho ambamo mtoto wa Tanga au Mombasa anamsikia mtu akigombana na mauti kwa lugha ya nyumbani, nasi tunatoa kikokotoo?

Wanaoumia kabisa na mazoea haya ni wanaoanza. Nimezungumza na vijana wanaojifunza kutengeneza magemu, na karibu kila mmoja ana mpango wa dunia kubwa, miji mitano, saa arobaini. Ukimuuliza kwa nini, anasema kifupi hakuna atakayekinunua. Mpango huo unamla miaka miwili, unafia kwenye diski. Huwa nawatajia Celeste. Mwaka 2015 Maddy Thorson na Noel Berry walikaa siku nne wakatengeneza kigemu cha kupanda mlima kwenye PICO-8, programu ndogo inayojibana kwa makusudi: rangi 16, skrini ya nukta 128 kwa 128. Vyumba 30, kuruka, kudandia ukuta, na kuchomoka hewani mara moja tu mpaka uguse chini. Basi. Anayejua anakimaliza kwa dakika chache. Miaka mitatu baadaye likatoka Celeste kamili, likachukua tuzo na kuuza zaidi ya nakala milioni, na kile cha siku nne wakakificha ndani yake ili mchezaji akikute mwenyewe. Bado kinapatikana bure mtandaoni, kinafunguka kwenye kivinjari, na bando lake huwezi hata kulihisi. Nawaambia wakicheze kwanza, kisha waniletee vyumba vyao kumi.